Mdomo kukauka baada ya upasuaji wa saratani: jibu kwa binti anayemuuguza baba yake

Swali: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana umri wa miaka 63. Wiki nne zilizopita alifanyiwa upasuaji wa saratani ya ulimi upande wa kushoto, na tezi za shingo za upande huohuo zikaondolewa. Jeraha limepona vizuri, lakini mdomo wake unakauka mno, hasa usiku. Anatumia mofini ya maji kwa ajili ya maumivu, amitriptilini kabla ya kulala, na klorofeniramini kwa sababu ya mafua. Usiku kucha anakunywa maji, anaamka kwenda kukojoa, kisha mdomo unakauka tena. Mara nyingine maji yanampalia. Baada ya wiki mbili ataanza mionzi. Jamaa wanatushauri anyonye ndimu. Je, mate yatarudi? Ipo dawa ya kuyarudisha? Nimsaidieje kwa sasa?

Jibu: Marahaba, dada, na pole kwa kumuuguza mzee. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote: ukavu wa mdomo wa baba yako una chanzo zaidi ya kimoja, na kila chanzo kina namna yake ya kushughulikiwa. Sehemu moja imetokana na upasuaji wenyewe. Sehemu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi kwa sasa, imetokana na dawa anazotumia. Na ya tatu haijafika bado, kwa kuwa itakuja na mionzi. Ya kwanza mwili huizoea kwa kiasi kikubwa, ya pili inaweza kupunguzwa ndani ya siku chache, na ya tatu inahitaji maandalizi ambayo muda wake ni hizi wiki mbili mlizobakiwa nazo.

Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mate hayo hutoka katika jozi tatu za tezi kubwa, yaani parotidi zilizo mbele ya masikio, tezi za chini ya taya na tezi za chini ya ulimi, pamoja na mamia ya tezi ndogo zilizotawanyika ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Tezi hizi zimegawana kazi. Parotidi hutoa mate mepesi kama maji, na huyatoa kwa wingi tunapotafuna. Zile za chini ya taya ndizo zinazoulowesha mdomo wakati hatuli chochote, na hutoa takriban theluthi mbili ya mate ya wakati huo. Daktari wa upasuaji anapoondoa tezi za limfu za sehemu ya juu ya shingo, ambako saratani ya ulimi hupenda kukimbilia, kwa kawaida huondoa pia tezi ya mate ya chini ya taya ya upande huo, kwa kuwa tezi za limfu zimeigandama. Ndiyo maana malalamiko ya mzee yanazidi usiku, wakati ambapo hata mtu mzima wa afya mate yake hupungua hadi karibu kwisha. Hata hivyo, tezi moja iliyoondolewa haitoshi kueleza mdomo uliokauka kiasi hicho, maana ile ya upande wa kulia na parotidi zote mbili bado zipo na hazijaguswa na mionzi.

Ndipo tunapozifikia dawa. Tezi za mate hufanya kazi kwa amri ya mishipa ya fahamu, na amri hiyo hupelekwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Amitriptilini huizuia kemikali hiyo isifike kwenye tezi, na klorofeniramini, ile dawa ya mafua na mzio ambayo watu huichukulia kuwa ndogo, hufanya hivyohivyo. Mofini nayo hupunguza mate kwa njia yake. Mzee anapozitumia zote tatu jioni moja, tezi zilizobaki zinakuwa zimefungwa mdomo hata kama ni nzima kabisa. Mafua nayo yanaongeza tatizo kwa mlango mwingine: pua ikiziba, mtu hulala akipumua kwa mdomo, na hewa inayopita hukausha hata ule unyevu kidogo uliosalia.

Nakuomba usizisimamishe dawa hizi kwa uamuzi wako. Maumivu yakirudi, mzee hatakula wala hatalala, na mofini au amitriptilini ikiachwa ghafla baada ya wiki kadhaa huleta taabu yake. Lakini mpeleke, au mpigie daktari wake, na useme wazi kwamba mdomo umekauka kwa kiwango kinachomnyima usingizi, kisha uulize mambo matatu. Je, klorofeniramini bado inahitajika, au pua inaweza kusafishwa kwa maji ya chumvi tu? Je, amitriptilini inaweza kupunguzwa, kumezwa mapema zaidi jioni, au kubadilishwa na dawa nyingine ya maumivu ya mishipa ya fahamu kama gabapentini? Je, dozi ya mofini bado inalingana na maumivu aliyonayo leo, au ni ileile aliyopangiwa alipotoka hospitali? Nimeona mara nyingi wagonjwa wakiendelea kutumia dozi ya siku za mwanzo kwa sababu hakuna aliyeuliza, na kwa uzoefu wangu hatua hii peke yake huleta nafuu kuliko dawa yoyote ya kupulizia mdomoni.

Sasa nizungumzie maji, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi hupotezea nguvu zao. Mdomo mkavu si kiu. Kiu ni upungufu wa maji mwilini na hutibiwa kwa kunywa. Ukavu wa mdomo ni upungufu wa mate, na mate si maji matupu. Yana ute unaoshikamana na ngozi laini ya mdomo na kuifunika, yana madini yanayoyalinda meno, na yana protini zinazowadhibiti vijidudu. Glasi ya maji ikimezwa hupita moja kwa moja tumboni, na baada ya dakika chache mdomo umerudi ulivyokuwa, ila kibofu kimejaa. Kwa hiyo mzee anywe maji ya kutosha mchana, na usiku aweke chupa ndogo kando ya kitanda kwa ajili ya kulowesha tu: achukue funda dogo, alizungushe mdomoni, lifike chini ya ulimi na kwenye mashavu, kisha aliteme au alimeze polepole. Chupa ya kupulizia yenye maji safi inafaa zaidi, maana mipulizo miwili mitatu inatosha, na maji yakiwa ya baridi nafuu hudumu kidogo zaidi.

Kuhusu kukojoa usiku kucha, huenda sababu ni hayo maji anayokunywa, lakini mtu mwenye mdomo mkavu anayekunywa sana na kukojoa sana anapaswa kupimwa sukari katika damu. Ni kipimo cha dakika chache, na kinafaa hasa ikiwa alipewa dawa za jamii ya steroidi wakati wa matibabu, kwa kuwa dawa hizo hupandisha sukari.

Kuna neno ulilolitaja kwa kupita tu ambalo mimi siwezi kulipita: maji yanampalia. Baada ya upasuaji wa ulimi, sehemu iliyobaki au kipande kilichopandikizwa hakisukumi kinywaji nyuma kwa mpangilio uleule wa zamani, na maji, kwa wepesi wake, hukimbilia kooni kabla njia ya hewa haijafungwa. Yakiingia mapafuni pamoja na vijidudu vya mdomo usiosafishwa, huweza kuleta nimonia. Kwa hiyo omba mzee apimwe umezaji na mtaalamu wa tiba ya usemi na umezaji kabla mionzi haijaanza, kwa sababu mionzi itaongeza ugumu. Hadi hapo asinywe akiwa amelala. Aketi wima, anywe kwa mafunda madogo, na asipewe maji wakati amesinzia kwa dawa. Usiku, badala ya kumnywesha, unaweza kumlowesha mdomo kwa kijiti chenye sponji laini kilichochovywa kwenye maji na kukamuliwa kisidondoke. Endapo anakohoa kila anapokunywa, sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, au anapata homa na kubanwa kifua, msisubiri miadi.

Kabla ya kununua chochote, mchunguze mdomo kwa tochi, mchana, akiwa ameketi. Mwombe ainue ulimi kadiri awezavyo utazame sakafu ya mdomo: kwa kawaida hapo huwa na kidimbwi kidogo cha mate kinachong'aa, na pakiwa pakavu au pana povu jeupe linalonata, mate ni machache kweli. Kisha chukua mpini safi wa kijiko, uulaze kwenye upande wa ndani wa shavu la kulia, ambalo halikufanyiwa upasuaji, na uuvute taratibu. Ukiganda na kuivuta ngozi, hiyo ni dalili nyingine ileile. Angalia ulimi kama umepasukapasuka, pembe za midomo kama zina vidonda, na kaakaa kama lina wekundu au utando mweupe unaobanduka. Yaandike uliyoyaona pamoja na tarehe. Daktari atakayekuwa na maelezo hayo mezani atafanya uamuzi mzuri zaidi kuliko anayeambiwa tu kwamba mdomo unakauka.

Utunzaji wa kila siku hauhitaji vitu vingi. Tengeneza maji ya kusukutua kwa kuchanganya kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha baikaboneti ya sodiamu katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Baikaboneti ninayoisema ni ile soda nyeupe ya kuokea. Magadi ya mawe ni makali na huunguza, na hamira ya unga ni mchanganyiko mwingine kabisa. Asukutue baada ya kila mlo, kabla ya kulala na kila anapohisi ute mzito, kisha ateme. Mchanganyiko umwagwe mwisho wa siku na kutengenezwa upya. Kazi yake ni kulegeza ute unaonata na kupunguza asidi, na hauchomi hata palipo na vidonda. Yale maji ya kusukutua yenye ladha kali yanayouzwa madukani huwa mara nyingi na alkoholi, ambayo hukausha na kuwasha, kwa hiyo soma lebo na uyaache. Kwa midomo, mafuta mazito yasiyo na manukato yanatosha.

Mate ya bandia yapo ya namna mbili, ya kupulizia na ya jeli, na mengi hutengenezwa kwa viungo vinavyoteleza kama vile selulosi iliyoyeyushwa. Nikiri kwamba wagonjwa wengi huyatarajia makubwa kuliko uwezo wake: ya kupulizia hudumu kwa dakika, si kwa saa. Jeli ndiyo ninayoipendelea kwa usiku. Baada ya kupiga mswaki, weka jeli ya ukubwa wa punje ya njegere kwenye ncha ya kidole kisafi, uipake chini ya ulimi, kwenye kaakaa na ndani ya mashavu yote mawili, ukiepuka kusugua sehemu zenye mshono. Ikiwa nyingi mno huganda na kumkera, basi anza na kidogo. Chagua isiyo na asidi wala sukari. Chumba kikiwa na hewa kavu, mashine ya kuongeza unyevu hewani husaidia, mradi tangi lake lisafishwe kila siku lisiote ukungu, na kichwa cha mzee kikiinuliwa kidogo kwa mito, kinywa hakiachami sana.

Chingamu isiyo na sukari, hasa yenye zailitoli (kitu kitamu kisichoozesha meno kama sukari), ni msaada wa kweli kwa mtu ambaye tezi zake bado zipo, kwa kuwa kutafuna ndiko kunakoiamsha parotidi. Kwa baba yako, hata hivyo, nisingeianza kabla daktari wa upasuaji hajasema kwamba mishono na kipande kilichopandikizwa, kama kipo, viko imara, na kabla umezaji haujapimwa. Ulimi uliopoteza hisia upande mmoja hung'atwa bila mwenyewe kujua. Wiki chache za subira hapa si hasara.

Kuhusu ndimu, jibu langu ni hapana. Ninaelewa ushauri huo ulikotoka, maana uchachu huyachochea mate, na mtu mwenye tezi zote na meno mazima akilamba ndimu mara moja haumii. Lakini gamba la jino huanza kuyeyuka asidi inapofikia pH ya takriban 5.5, na maji ya ndimu yana pH inayokaribia 2. Mtu mwenye mate ya kutosha huiosha asidi hiyo kwa muda mfupi. Baba yako hana cha kuiosha, hivyo inakaa juu ya meno na kuyala, na inaichoma ngozi laini ya mdomo iliyodhoofika. Vijiti vya kusafishia mdomo vilivyochovywa kwenye limau na gliserini, ambavyo zamani vilikuwa vya kawaida mawodini, vimeachwa kwa sababu hiyohiyo: huchochea kwa dakika chache, kisha huuacha mdomo mkavu kuliko mwanzo. Peremende chachu na soda ziingie katika fungu hilo, hata zile zisizo na sukari.

Jambo la haraka kuliko yote katika barua yako ni meno, ingawa hukuyataja. Muone daktari wa meno wiki hii, si mwezi ujao. Mionzi ikishapita kwenye taya, mishipa midogo ya damu inayoulisha mfupa huharibika, na jino likija kung'olewa baadaye, kidonda kinaweza kukataa kupona na mfupa ukafa sehemu yake. Hatari hiyo haiishi na mwaka. Humfuata mgonjwa maisha yake yote. Kwa hiyo jino lolote lisilo na matumaini lililo katika eneo la mionzi ling'olewe sasa, na kidonda chake kipewe takriban siku 14 za kupona kabla ya mionzi. Hesabu hiyo ukiilinganisha na tarehe mliyopewa, utaona kwa nini nasisitiza. Wala msiiahirishe mionzi kwa mazoea, kwa sababu mionzi ya baada ya upasuaji hupangwa kuanza ndani ya wiki sita hivi tangu siku ya upasuaji, na kuichelewesha kunaipa saratani nafasi. Madaktari hao wawili wanapaswa kuzungumza wenyewe, na wewe una haki ya kuwaomba wafanye hivyo.

Kwa meno yatakayobaki, kinga ni floraidi. Dawa ya meno ya kawaida ina floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni; mgonjwa anayeelekea kwenye mionzi ya kichwa na shingo huandikiwa yenye sehemu 5,000, au jeli ya floraidi inayowekwa kwenye trei laini zilizotengenezwa kwa kipimo cha meno yake. Apige mswaki laini mara mbili kwa siku, ateme povu, asisukutue kwa maji baada yake, ili floraidi ibaki kazini. Bila kinga hii, meno ya mtu asiye na mate huoza kwa namna ya pekee, kwenye shingo ya jino karibu na fizi na kwenye ncha za meno ya mbele, na huweza kukatika ndani ya miezi. Jambo dogo la kuongeza: baadhi ya dawa za maji, ikiwamo mofini, hutiwa sukari, kwa hiyo asukutue kila baada ya kunywa dozi.

Umeuliza kama mate yatarudi. Kwa ukavu alionao leo, naam, sehemu kubwa inaweza kurudi dawa zikirekebishwa na pua ikifunguka. Kwa ukavu wa mionzi, jibu linategemea ni kiasi gani cha mionzi kitazifikia tezi zilizobaki. Mate hupungua kuanzia wiki ya kwanza ya tiba na huwa mazito. Baadaye tezi zilizopata dozi ndogo hujikusanya polepole kwa mwaka mmoja au miwili, lakini zilizopata dozi kubwa hazirudi. Eneo la saratani baada ya upasuaji hupewa takriban grei 60 au zaidi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), ilhali wataalamu hujitahidi wastani wa dozi ya parotidi moja angalau uwe chini ya grei 20, au zote mbili ziwe chini ya grei 25. Mashine za mionzi zinazoweza kuichonga miale ikakwepa tezi zimeleta tofauti kubwa. Katika utafiti wa Uingereza uitwao PARSPORT, uliotolewa mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya tiba asilimia 74 ya waliopewa mionzi ya mtindo wa zamani walikuwa na ukavu wa kuwasumbua, dhidi ya asilimia 38 ya waliopewa mionzi ya kuchongwa. Ugonjwa wa baba yako ulikuwa upande wa kushoto. Basi muulize mtaalamu wa mionzi, kabla mpango haujafungwa, kama parotidi ya kulia na tezi ya kulia ya chini ya taya zinaweza kukwepwa bila kuipunguzia saratani dozi yake. Swali hili linaulizwa kabla ya siku ya kwanza, maana likiulizwa katikati ya tiba huwa limechelewa.

Dawa ya kuchochea mate ipo, nayo inaitwa pilokapini. Marekani iliiruhusu mwaka 1994 kwa ukavu unaotokana na mionzi ya kichwa na shingo, na dozi ya kawaida ni miligramu 5 mara tatu kwa siku. Huamsha tezi zilizo hai tu, wala haiziumbi upya zilizokufa, na huweza kuhitaji hadi wiki 12 kabla ya kuonyesha uwezo wake wote. Humfanya mtu atoke jasho, akojoe mara kwa mara, na kamasi zimtiririke. Haifai kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa wala kwa aina fulani ya glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho), na mwenye ugonjwa wa moyo aipewe kwa tahadhari. Kwa sasa nisingemwandikia baba yako. Kumpa pilokapini huku akiendelea na amitriptilini na klorofeniramini ni kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Dawa zikishapunguzwa na mionzi ikishaisha, kama tezi bado zina uhai na mdomo bado mkavu, hapo ndipo pa kuizungumzia.

Chakula nitakigusa kwa ufupi. Kiwe laini, chenye mchuzi, kisicho cha moto wala pilipili, na kila tonge lishushwe kwa namna atakayoelekezwa na mtaalamu wa umezaji. Tumbaku na pombe ziachwe kabisa, kwa sababu ya saratani kwanza na ukavu baadaye. Vidonge na kapsuli aulowanishe mdomo kwanza kabla ya kuvimeza, maana vikiganda kwenye koo kavu huacha kidonda.

Yapo mambo mawili ambayo hayapaswi kusubiri. La kwanza ni fangasi: utando mweupe unaobanduka na kuacha wekundu, au wekundu mtupu wenye kuchoma chini ya meno ya bandia. Hutibika kwa nistatini ya kusukutua au flukonazoli ya kumeza, lakini mwambie daktari dawa zote anazotumia mzee, kwa kuwa flukonazoli huongeza nguvu ya baadhi ya dawa, ikiwamo wafarini ya kuzuia damu kuganda. Kama ana meno ya bandia, yatolewe usiku na kuoshwa, vinginevyo fangasi watarudi kila dawa inapoisha.

La pili ni uvimbe wenye maumivu mbele ya sikio au chini ya taya, ngozi ikiwa na joto, pamoja na homa. Mate yakisimama, vijidudu vya mdomoni hupanda kinyume kwenye mfereji wa tezi, na mgonjwa aliyetoka kwenye upasuaji akiwa na upungufu wa maji ndiye anayepatwa zaidi. Rais James Garfield wa Marekani, aliyepigwa risasi tarehe 2 Julai 1881 na kufariki tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, alipata uvimbe wa usaha wa parotidi katikati ya mateso yake, enzi ambayo dawa za kuua vijidudu hazikuwapo. Siku hizi maambukizi haya hutibiwa kwa antibayotiki na maji ya kutosha, mara nyingi hospitalini, ilimradi mgonjwa afike mapema. Uvimbe huo ukitokea upande uliofanyiwa upasuaji, au kukitokea kivimbe kigumu kisichouma, asitumie dawa ya duka la dawa kwanza. Aonwe na daktari wake wa upasuaji, ambaye ndiye aliyeiona shingo hiyo ikiwa wazi. Na mkojo ukiwa haba na wa rangi nzito, au mzee akisikia kizunguzungu anaposimama, hicho si ukavu wa mdomo tena bali mwili umekaukiwa maji, na huenda akahitaji dripu siku hiyohiyo.